Robert Koch na macho yaliyopofuka visiwa vya Ssese



Kila ukizuka mjadala wa chanjo au dawa mpya, kuna ndugu mmoja atasema Wazungu wanatufanyia majaribio, na mwingine atamjibu kwamba huo ni ushamba, sayansi ni sayansi. Mimi nashindwa kukaa upande wowote, na sababu yangu ni mzee mmoja wa Kijerumani aliyeitwa Robert Koch. Leo naomba niwasimulie maisha yake. Ni mtu aliyefungua njia ya kuokoa mamilioni ya watu, na ni huyo huyo ambaye sindano zake za aseniki ziliwapofusha wagonjwa katika visiwa vya Ziwa Victoria. Yote mawili ni kweli. Ukificha moja, unakuwa mwongo.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na nyumba ilikuwa na watoto wengi kwelikweli, 13. Alisoma udaktari Göttingen, akamaliza 1866, akaoa, akapata binti mmoja, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mahali ambapo leo ni Poland. Kwa lugha yetu tungesema mganga mkuu wa wilaya, tena wilaya ya pembezoni.

Hana chuo, hana maabara ya serikali, hana mfadhili. Mchana anatibu watu, usiku anainamia hadubini. Mifugo ya eneo lile ilikuwa inakufa kwa kimeta, naye akafuatilia kijidudu chake hatua kwa hatua mpaka akaona kinavyojigeuza kuwa kama mbegu ngumu inayokaa udongoni miaka na miaka ikisubiri mnyama. Mwaka 1876 akabeba vifaa vyake hadi Breslau kwa profesa Ferdinand Cohn, akaonyesha kazi yake mbele ya wakubwa. Wakakubali. Mtu wa wilayani akawa mtu wa dunia.

Mwaka 1880 akaitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikadiria kwamba unaua mtu mmoja kati ya saba. Mwaka 1883 na 1884 akafuata kipindupindu Misri na India. Hadi hapo, jamani, mzee hana deni na mtu.

Shikeni jambo moja hapa, maana tutalihitaji mbele. Koch ndiye aliyewafundisha madaktari wasiamini maneno matupu. Kanuni zinazobeba jina lake zinadai ushahidi: kijidudu kionekane kwa mgonjwa, kitolewe, kikuzwe peke yake, kikiwekwa kwa mnyama mzima kimpe ugonjwa ule ule, kisha kipatikane tena. Bila hivyo, huna la kusema. Ndiyo maana yaliyofuata yanauma zaidi. Aliyeandika sheria ndiye aliyeivunja.

Mwezi Agosti 1890 kulikuwa na mkutano mkubwa wa kimataifa wa madaktari Berlin. Ujerumani ilikuwa inashindana na Ufaransa, na Ufaransa ilikuwa na Pasteur na chanjo yake ya kichaa cha mbwa. Koch akasimama akasema amepata kitu kinachozuia kifua kikuu kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Novemba akaandika kwamba hata binadamu anaweza kupona kama ugonjwa bado mchanga. Dawa imetengenezwa na nini? Hasemi. Ushahidi wa hao wanyama waliopona uko wapi? Hautolewi kwa ukamilifu. Wakati huo huo alikuwa anajadiliana na serikali ya Prussia apewe taasisi yake mwenyewe na fedha nyingi kutokana na dawa hiyo. Jiji la Berlin likamfanya raia wake wa heshima.

Sasa fikirini mgonjwa wa kifua kikuu wa mwaka 1890. Hana dawa yoyote duniani. Anasikia kwamba Koch, yule yule aliyekiona kijidudu, amepata tiba. Watu walimiminika Berlin kwa maelfu. Walichomwa sindano, homa ikapanda vibaya sana, wengine wakafa. Daktari mmoja wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes, alisafiri hadi Berlin mwezi huo wa Novemba kujionea, akarudi akaandika kwamba watu wamewahi mno kushangilia.

Kilichomkamata Koch ni upasuaji wa maiti. Rudolf Virchow, mzee wa patholojia pale Berlin, aliwafungua waliokufa baada ya sindano, na Januari 1891 akaeleza mbele ya wenzake kwamba vijidudu vilikuwa bado hai, na kwamba kwa baadhi yao inaonekana sindano ilikuwa imevisambaza mwilini. Mwezi huo huo Koch akalazimika kusema dawa ile ni nini: dondoo la vijidudu vya kifua kikuu lililochanganywa na gliserini. Ndiyo tuberkulini. Kama tiba haikufaa kitu. Baadaye ilifaa kwa kupima tu, na mpaka leo kile kipimo cha kuchomwa kwenye ngozi ya mkono kinatoka humo.

Adhabu yake? Koch aliondoka akaenda Misri kupumzika, na mwaka huo huo wa 1891 taasisi yake ya magonjwa ya kuambukiza ikaanzishwa naye akiwa mkuu. Mwaka 1893 akaachana na mkewe akamwoa msichana Hedwig Freiberg, na watu wa Berlin wakapata la kusema. Kumbukeni miezi lakini: Agosti anatangaza, Januari anabanwa. Miezi mitano tu. Berlin kulikuwa na magazeti, kulikuwa na Virchow, na waliokufa walikuwa na ndugu wenye uwezo wa kuuliza.

Baada ya hapo mzee akawa msafiri, na hapa ndipo anapoingia kwetu. Mwaka 1896 yuko Afrika Kusini kupambana na sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1897 yuko India kwa ajili ya tauni, kisha akavuka akaja Dar es Salaam, akakaa mpaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Aliona ndigana kali kwenye ng'ombe wa pwani akadhani ni ugonjwa mwingine, wa Texas. Makosa ya kawaida ya kazi hayo, simlaumu. Mwaka 1905 alirudi tena, akapasua papasi mmoja mmoja, akaeleza jinsi vijidudu vya homa ya papasi vinavyoingia hadi kwenye mayai yao. Kazi safi. Mwisho wa mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel.

Wakati huo malale yalikuwa yanamaliza watu kuzunguka Ziwa Victoria. Uganda peke yake inakadiriwa ilipoteza watu kama 250,000 katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mtu anaanza kwa homa, tezi za shingo zinavimba, kisha akili inachafuka, analala mchana akiwa na chakula mdomoni, mwisho anakufa. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Koch. Mwaka 1906 akapitia Amani kule Usambara, akaenda Mwanza, na alipoona upande wa Wajerumani wagonjwa ni wachache akaomba ruhusa kwa Waingereza avuke kwenda visiwa vya Ssese. Agosti 1906 akapiga kambi kisiwa cha Bugala. Kwa sasa ni wilaya ya Kalangala, Uganda.

Alikuwa na dawa inaitwa Atoxyl. Ni aseniki, ila jina lake lilitungwa kuonyesha kwamba haina sumu. Haikuwa uvumbuzi wake. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wamekwisha kuionyesha kwamba inaua vijidudu vya malale kwa wanyama. Koch alianza na nusu gramu siku mbili mfululizo, akirudia baada ya siku kama kumi. Mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Wagonjwa waliobebwa walisimama, vijidudu vikatoweka kwenye damu. Habari ikaenea ziwani, watu wakaja kwa mitumbwi, wengi kwa miguu yao wenyewe. Kambi ikajaa wagonjwa zaidi ya 1,000. Koch akaandika nyumbani akiilinganisha Atoxyl na kwinini ya malaria, na Ujerumani ikashangilia.

Mnaona? Ni mwaka 1890 umerudi. Kutangaza kwanza, kuthibitisha baadaye.

Maana vijidudu navyo vilirudi. Kwa wengine dawa ilivifukuza kwa muda tu. Hapo mtafiti anayefuata kanuni za Koch angesema: dawa haitoshi, nilisema mapema. Yeye aliongeza dozi hadi gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu ya tumbo, kizunguzungu, kutapika. Wengi wakatoroka kambini usiku. Kisha macho yakaanza kuzimika. Aseniki ilikuwa imeua mshipa wa kuonea. Zaidi ya watu 20 walipofuka, na wala si upofu wa muda, ni moja kwa moja. Ndipo dozi zile kubwa zikaachwa.

Kuna methali yetu inasema mgonjwa haulizwi uji. Unampikia tu, atakunywa. Nadhani ndivyo Koch alivyowaona watu wa Ssese. Lakini uji ni uji. Aseniki si uji. Mtu anayekuja kwako na mtumbwi akiamini kwamba unajua unachofanya anastahili kuambiwa kwamba hujui, kwamba leo umeongeza dozi mara mbili ili uone itakuwaje.

Na kuna dhara kubwa kuliko hao 20. Koch alipendekeza wagonjwa watolewe kwenye jamii wakakusanywe katika kambi, na akatumia jina lile ambalo Waingereza walikuwa wamelitumia Afrika Kusini kwa kambi za vita vyao na Makaburu. Mpango ukafuatwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kigarama, huko Kiziba, Kagera ya leo, kulijengwa kambi. Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, vilevile. Wapimaji walipita vijijini wakishika watu shingo kutafuta tezi. Anayepatikana nazo anajua kinachomsubiri: kambi na sindano ya aseniki. Watu wakajifunza kujificha. Mwaka 1909 Waingereza nao wakawahamisha watu wote waliobaki Ssese, wakaacha nyumba na migomba yao.

Koch mwenyewe aliondoka Oktoba 1907. Alipofika kwao alipewa cheo kikubwa na kuitwa Mheshimiwa. Hakuna Virchow aliyepanda jukwaani Berlin na ripoti ya macho ya watu wa Ssese. Tarehe 27 Mei 1910 akafariki Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa ndani ya jengo la taasisi yake Berlin, taasisi ambayo tangu 1912 ina jina lake. Ndiyo ile Robert Koch-Institut iliyokuwa inatajwa kila siku kwenye taarifa za habari wakati wa korona mwaka 2020.

Najua kuna mdau ataniambia: acha bwana, unamhukumu mtu wa 1906 kwa sheria za leo. Hoja nzuri, ila haisimami. Mwaka 1900 profesa mmoja wa Breslau, Albert Neisser, alitozwa faini kwa kuwachoma wanawake, wengi wao makahaba, majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaomba. Magazeti ya Ujerumani yalilipuka. Tarehe 29 Desemba 1900 serikali ya Prussia ikatoa agizo kwa wakuu wa hospitali: usimfanyie mtu jaribio lisilo la tiba bila kumweleza madhara yake na bila ridhaa yake, na mtoto usimguse kabisa. Agizo hilo lilitoka miaka sita kabla ya Bugala, katika nchi ya Koch, katika jiji la Koch. Kwa hiyo wazo la ridhaa lilikuwepo. Agizo halikugusa yanayoitwa matibabu, wala halikuvuka bahari kwenda makoloni. Koch alikuwa amesimama hasa pale kwenye mwanya: analiita tiba, anaongeza dozi kama jaribio, na yuko mbali na mtu yeyote anayeweza kumhoji.

Mwingine atasema: lakini wale wangekufa tu, malale hayana huruma. Kweli, malale yasipotibiwa karibu kila mtu anakufa. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Asiye na njia nyingine ndiye rahisi kumdanganya. Wagonjwa wa Berlin wa 1890 nao walikuwa hivyo hivyo.

Tena kosa likisifiwa huwa linazaa. Kule Bafia, Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye kampeni ya Wafaransa dhidi ya malale, dozi ya tryparsamide iliongezwa kupita kipimo. Tryparsamide ni ndugu wa Atoxyl, ukoo ule ule wa aseniki. Mamia ya watu wakapofuka. Miaka 20 baada ya Ssese, somo lile lile, watu weusi wale wale, macho yale yale.

Deni hilo bado linalipwa. Mwaka 2021 watafiti wawili wa uchumi, Sara Lowes na Eduardo Montero, walichapisha utafiti kuhusu Kameruni na nchi zilizokuwa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Walilinganisha maeneo yaliyopitiwa sana na kampeni za malale kati ya 1921 na 1956 na yale yaliyopitiwa kidogo. Waliona kwamba pale sindano za lazima zilipopita sana, watu wa leo wanakataa zaidi kupimwa damu, tena bure, na watoto wao wamechanjwa kidogo. Bibi alishikwa kwa nguvu, mjukuu anakosa chanjo ya surua. Ndiyo maana naogopa sana mtafiti anayedanganya. Anayeumia si mgonjwa wake peke yake. Anamwachia nesi mwaminifu wa miaka 80 baadaye mlango uliofungwa.

Na Aprili 2020, daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walikaa kwenye televisheni wakajadili kwamba pengine chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, ijaribiwe kwa korona barani Afrika, ambako hakuna barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, aliwakemea hadharani. Yule daktari aliomba radhi, lakini kauli ilishasambaa kwenye simu za watu. Unadhani yule ndugu yetu wa Wazungu wanatufanyia majaribio alipata wapi nguvu?

Lakini sitaki kuwaacha hapo, maana kuna watu wameonyesha kazi hii inavyofanywa. Malale sasa yana dawa ya vidonge, fexinidazole. Ilijaribiwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa wagonjwa 394, na aliyeongoza ni daktari Mkongo, Victor Kande. Watu walielezwa, wakakubali, wakapewa dawa, kisha wakafuatiliwa miezi 18 kuona kama vijidudu vinarudi. Miezi 18! Koch aliandika habari za ushindi kabla hajajua kama wagonjwa wake wamepona. Wakala wa dawa wa Ulaya ukatoa idhini yake 2018, na mwaka 2022 Uganda ilithibitishwa kwamba malale ya aina ile ya Ssese si tishio la afya ya jamii tena.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sitaki Koch afutwe vitabuni, na kipimo chake cha kifua kikuu tuendelee kukitumia. Ila anapofundishwa, kimeta kifundishwe pamoja na Bugala. Na sisi, tukiletewa karatasi ya ridhaa hospitalini, tusisaini tu kwa heshima ya koti jeupe. Tuulize dawa imejaribiwa wapi, nani anafuatilia, na muda gani. Ukijibiwa vizuri, shiriki, maana bila watu kujitolea hakuna dawa itakayopatikana. Usipojibiwa, rudi nyumbani.

Wadau wa Kagera, Mwanza na Kalangala, hasa wazee: kwenu kuna masimulizi yoyote ya kambi za malale? Karibuni mchangie.